Sharti Liwe Linawaka

Fundi Radosav alitoa kichwa ndani ya boila, akafuta masizi kwenye nyusi, akasema neno ambalo Zumreta alikuwa amelihofia tangu mvua za Septemba.

"Hili halichomelewi tena, dada. Mwaka jana nililitia kiraka. Kiraka kimeshika vizuri, chuma chenyewe ndicho kimeachia."

Hamdija, mume wa Zumreta, aliinama akachungulia kwa tochi. Ufa ulianzia chini ya mlango wa makaa, ukapanda hadi nyuma, palipopita maji ya kwenda kwenye rejeta za kupasha joto vyumba. Tone moja lilining'inia pale, likadondoka kwenye majivu ya moto, likachemka na kutoweka.

"Lakini linawaka," Hamdija alisema.

"Hata nyumba inayoungua inawaka." Radosav alianza kufuta vifaa vyake. "Sikiliza, bwana. Maji si kitu. Panapotoka maji, moshi nao unapita. Na dohani lenu ni la matofali, la enzi za baba yako, halivuti. Siku upepo ukikataa, sumu ya makaa itarudi humu ndani. Haina rangi, haina harufu. Unasinzia tu, basi."

Chumba cha boila kilipakana na jiko la kupikia, katikati mlango mmoja wa mbao. Radosav alichukua keekee yake akatoboa ukuta wa nje, karibu na sakafu, tundu la ukubwa wa ngumi. Hakudai malipo. Hewa ya baridi iliingia mara moja ikacheza na majivu.

"Hili msilizibe," alisema. "Moto usipopata hewa utaitafuta kwenye mapafu yenu."

Nurka, mama mkwe wa Zumreta, alikuwa amesimama kizingitini, shingo ameifunika kwa mkono mmoja. "Mnatoboa ukuta mwezi wa Novemba? Mna akili nyinyi? Baba yake huyu aliuawa na upepo. Alipanda basi na jasho lake mgongoni, dirisha la mbele wazi, la nyuma wazi. Ijumaa alipanda, Ijumaa ya pili tukamswalia."

Katika Pešter, uwanda wa baridi wa milimani, hakuna anayecheka habari hiyo. Watu hujua kwamba baridi huuma, lakini upepo unaopita kati ya matundu mawili ndio unaoua. Hata Radosav, aliyesoma ufundi miaka mitatu, hakuwahi kukaa kati ya mlango na dirisha. Aliinamisha kichwa akasema, "Mungu amrehemu, bibi." Kisha akaondoka, na tundu akaliacha.

*

Walipanga fedha mezani baada ya chakula, binti yao Elzana akiwa sebuleni na katuni zake. Mshahara huku huhesabiwa kwa dinari, lakini vitu vikubwa huhesabiwa kwa yuro, na boila ni kitu kikubwa.

"Boila la kuchoma vidonge vya unga wa mbao, pampu na kazi ya fundi, elfu tatu na mia mbili," Hamdija alisema. Alikuwa dereva wa basi la shule na alihesabu kama alivyoendesha, polepole, macho mbele. "Bomba la chuma la kupitisha ndani ya dohani, mia nne. Vidonge tani mbili za kuanzia, mia tano na sitini."

"Elfu nne, mia na sitini," Zumreta alisema kabla hajamaliza.

"Tunazo elfu mbili na mia mbili."

Nurka alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama, kisha kikaendelea.

"Manispaa wakikubali," Hamdija alisema, "wanalipa nusu ya boila na ufundi. Elfu moja na mia sita. Hapo tunabakiwa na pengo la mia tatu na sitini, tunauza ndama, kwisha."

"Na wasipokubali?"

"Watakubali. Maombi tumepeleka tangu Agosti. Kinachosubiriwa ni tume ije ilione la zamani."

"Lini?"

"Kabla ya Mwaka Mpya, wanasema."

"Kabla ya Mwaka Mpya ni leo, na ni kesho, na ni Desemba thelathini na moja."

"Sasa unataka nifanye nini, Zumreta? Niwafuate na basi?"

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi ambacho Radosav alikitaja akiwa mlangoni: king'ora kidogo cha ukutani kinachonusa sumu ya makaa. Dinari elfu nne na mia tatu. Hamdija alikifikiria kidogo. "Kifaa cha kunitangazia kwamba nimekufa," alisema. "Kisubiri."

*

Zumreta aliomba ruhusa kiwandani, alikokuwa akikanda jibini, akaenda manispaa. Ofisini kulikuwa na joto hata karani alikuwa amekunja mikono ya sweta. Zumreta alisimama na koti lake zito, jasho likimshuka, akaona aibu kulivua kwa sababu ndani alivaa fulana ya kazini yenye harufu ya maziwa.

"Boila letu limepasuka," alisema. "Linavujisha moshi. Nilikuwa naomba tume ije mapema kidogo."

"Kila mtu ana boila bovu, mama. Ndiyo maana kuna mpango."

"Kuna mtoto ndani. Ana miaka tisa."

"Basi lizimeni."

"Tukilizima, tume ikija?"

Karani aligeuza karatasi, akaweka ukucha kwenye mstari mmoja. "Linalotumika. Sharti liwe linawaka, wapige picha ya moto. Mwaka jana watu waliokota maboila kwenye vyuma chakavu, wakayapaka rangi, wakayasimamisha sebuleni kama bwana harusi. Mmetuzoesha uongo, sasa mnalalamika."

"Sisi hatukufanya hivyo."

"Sijasema nyinyi."

"Kwa hiyo nikilizima kwa sababu ni hatari, nakosa haki. Nikiliwasha—"

"Mama, mimi sheria sikuitunga."

Mwanamume mmoja kwenye foleni alisema, si kwa sauti ya chini, "Dada, kama unataka kuota moto hapa sema tu, tukuletee kiti." Wawili watatu wakacheka. Zumreta alimshukuru karani, bila kujua anamshukuru kwa lipi, akatoka.

Kwenye duka la vifaa king'ora kilikuwa dirishani, cheupe, kidogo kama sahani ya kikombe. Pochini alikuwa na elfu nne na mia tano. Duka la pili lilikuwa na viatu vya theluji vya watoto, elfu nne kamili. Vya Elzana vilikuwa vimefungwa soli kwa utepe wa kubandikia, na asubuhi ile alikwenda shule na mfuko wa plastiki juu ya soksi. Zumreta alisimama kati ya maduka yale mawili hadi vidole vikafa ganzi. Kisha akanunua viatu.

*

Maumivu ya kichwa yalianza wiki iliyofuata. Zumreta aliamka nayo, kama kitambaa kilichokazwa kwenye paji la uso. Elzana aliamka nayo pia, akakataa uji, akasema tumbo linamgeuka.

"Upepo," Nurka alisema. "Si nilisema? Kaeni na tundu lenu." Akakata viazi vipande vyembamba, akampangia mtoto kwenye paji la uso ili vivute maumivu, akafunga kwa leso. Alibandika karatasi kwenye nyufa zote za madirisha. Chini ya mlango wa nje akatandika blanketi lililokunjwa. Kadiri vichwa vilivyouma ndivyo alivyoziba, na kadiri alivyoziba ndivyo vilivyouma.

Zumreta hakuwa mtu wa kuamini hisia. Aliangalia. Kiwandani, kwenye chumba cha baridi cha jibini, kichwa kilipoa kabla ya mapumziko ya chai. Elzana naye alirudi shuleni mzima, anaimba. Jumapili, siku ya kushinda ndani, vichwa vya wote wawili havikupoa. Kila asubuhi kabla ya kutoka alipiga magoti kwenye chumba cha boila, akaweka kiganja kwenye tundu. Upepo uliingia, mkali, safi. Hapo ndipo aliposhindwa kuelewa.

Alimweleza Hamdija.

"Mbona mimi hakiniumi?"

"Wewe unatoka alfajiri, unashinda barabarani. Usiku unalala karibu na dirisha bovu la ngazini kwa sababu unakoroma."

"Wiki mbili, Zumreta. Labda tatu. Elfu moja na mia sita kwa wiki tatu za kuumwa kichwa. Nani duniani analipwa hivyo?"

"Unataka nikutajie nani?"

"Nyamaza. Mtoto anasikia."

Wote wawili walijua ile nyumba iliyo njia ya kwenda malishoni, ambako miaka miwili nyuma mume na mke walikutwa wamekaa mbele ya televisheni, sahani magotini. Hawakuitaja. Usiku Zumreta alilala na sikio wazi, akisikiliza pumzi ya mtoto, na alipoisikia hakutulia, akaisubiri nyingine.

*

Jumamosi hiyo upepo wa theluji uliamka na jua. Hamdija alikuwa ameitwa kusaidia basi lililokwama barabarani. Zumreta alivaa, akaenda zizini kumkamua ng'ombe, akakuta theluji imeziba mlango hadi kiunoni. Alichimba kwa koleo, akakamua, akachimba tena njia ya kurudi. Kazi ilichukua nusu ya asubuhi.

Alipofungua mlango wa nyumba kwanza alisikia televisheni. Sungura fulani alikuwa akicheka. Elzana alilala kwenye kochi, mashavu mekundu kama aliyecheza juani, mdomo wazi. Jikoni, Nurka alikuwa ameketi mezani, paji la uso juu ya ubao wa unga, kipande cha unga wa pai uliosukumwa kimekauka kwenye vidole. Kifimbo kirefu cha kusukumia kilikuwa sakafuni.

"Mama!"

Alimtikisa bega.

"Elza! Elza, amka!"

Akaelewa kwamba hana muda wa kuogopa. Dirisha lilikuwa limebandikwa karatasi pande zote. Aliokota kifimbo akalivunja. Akamshika mtoto kwapani, akamburuta hadi nje, akamlaza kwenye theluji na nguo yake ya kulalia, akarudi. Nurka alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Kizingitini bibi alifumbua jicho moja.

"Mlango," alinong'ona. "Funga mlango... mtoto atapigwa na upepo."

Elzana alitapika. Zumreta alipiga magoti kwenye theluji, akamshika kichwa, na hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko ile. Kisha akapiga kelele kwa jirani, Sulejman, mpaka koo likachanika.

Sulejman alipokuja na gari lake, akawafunika wagonjwa mablanketi, Zumreta aliingia ndani mara moja zaidi, ameziba pumzi, kufunga mlango wa hewa wa boila ili moto ufe. Alitazama chini ukutani. Tundu lilikuwa limezibwa kwa soksi ya sufu ya kiume, ya rangi ya kijivu, iliyofumwa kwa mkono. Aliivuta. Ilitoka na umbo kamili la tundu, duara lake limezungukwa na pete ya masizi. Soksi haipati umbo lile kwa kuziba siku moja. Ilikaa pale usiku baada ya usiku, ikatolewa alfajiri bibi alipoamka kuswali; leo, upepo wa theluji ulipozidi, ikarudishwa.

*

Zahanati iliwapa hewa ya mtungi. Daktari, msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi, alisimama kati ya vitanda viwili.

"Mngechelewa kidogo tu, tusingekuwa tunaongea," alisema.

Nurka aliinua barakoa kutoka puani. "Binti yangu, ni upepo, siyo?"

"Hapana, bibi. Ni kukosa upepo."

Bibi alimtazama daktari, kisha akamtazama mjukuu wake chini ya barakoa. Zumreta alitoa soksi mfukoni mwa koti, akaiweka juu ya blanketi. Nurka aliitambua. Aliifuma mwenyewe, na mwenye miguu iliyoivaa alikuwa kaburini.

"Nilikuwa nawakinga," alisema.

"Najua, mama."

"Kila usiku nawakinga."

"Najua."

Nurka alirudisha barakoa puani, akageukia ukuta.

*

Waliporuhusiwa, wote walilala kwa Sulejman. Hamdija alimwaga maji yote ya rejeta yasije yakaganda na kupasua mabomba, akapigilia plastiki kwenye dirisha lililovunjika, na jioni ya Jumapili akachukua tindo na nyundo.

"Naling'oa boila," alisema. "Leo hii. Naliburuta hadi mtoni."

"Kisha?"

"Kisha lolote liwe."

"Lolote ni elfu nne na mia na sitini," Zumreta alisema. "Ng'ombe utauza?"

"Nitauza."

"Kwa mia tisa, mnunuzi akiwa na huruma. Na msimu huu hana. Na ndama. Bado hufiki. Utakopa kwa nani?"

Hamdija alikaa juu ya kisanduku cha vifaa. Kutoka mfuko wa koti alitoa kitu cheupe, kidogo kama sahani ya kikombe, kikiwa bado na karatasi ya bei. Hakusema alikinunua saa ngapi wala kwa pesa gani. Alikiweka mezani na kukitazama kama mtu anayemtazama shahidi aliyefika hukumu ikiwa imeshasomwa.

Jumatatu simu ililia. Tume ingekuja Jumatano, kabla ya adhuhuri. Sauti ilikumbusha: sharti liwe linawaka.

"Siwezi," Hamdija alisema. "Siwezi kuliwasha tena lile jini."

"Nani kasema anaweza?" Zumreta alijibu. "Linawaka muda wa picha tu. Milango yote wazi. Ile plastiki inatoka. Elza anabaki kwa Sulejman." Alijisikia anapanga kama anayepanga mambo ya watu wengine.

"Na nani atahakikisha milango haijifungi? Upepo wa huku unafunga hata zizi."

"Mimi," Nurka alisema kutoka pembeni. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu zahanati.

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Nimesema mimi."

*

Jumatano baridi ilikuwa chini ya sifuri kwa digrii ishirini na mbili. Hamdija alijaza maji, Zumreta akawasha. Makaa yalishika. King'ora kilikuwa juu ya rafu ya jikoni, na kioo chake kidogo cha kuhesabia sumu kilisoma sifuri. Nurka alileta kiti chake, akakiweka katikati kabisa ya njia, kati ya dirisha lisilo na kioo na mlango wa nje. Alivaa koti la marehemu mumewe na leso mbili. Pazia lilikuwa likimpiga usoni.

Tume ilikuwa watu wawili, mzee mwenye faili na kijana mwenye simu. Mzee aliingia akasimama ghafla, akainua kola.

"Mama yangu! Mnafanya nini humu? Fungeni hilo dirisha, shingo zetu zitakatika."

"Piga picha, mwanangu," Nurka alisema.

Kijana aliinama mbele ya boila. Hamdija alifungua mlango wake, mwanga mwekundu ukatoka. Kioo cha king'ora kikaonyesha kumi na nane. Zumreta alikiona, akaona pia mkono wake mwenyewe umeshika ukingo wa meza.

"Simu imezima," kijana alisema. "Baridi imeua betri."

"Itie kwapani," mzee akamwambia. "Jamani, si mfunge hilo dirisha dakika moja tu, simu ipate joto?"

"Hapana," Zumreta alisema.

"Mama, sisi tumetoka mbali—"

"Hapana, bwana. Samahani. Hapana."

Thelathini na moja. Kijana alikuwa ameingiza simu ndani ya sweta, anarukaruka. Arobaini. Tone lilidondoka kwenye moto, likachemka. Upepo ulishika mlango wa nje, ukausukuma, na Nurka akanyoosha mguu akauzuia kwa kisigino. Hamsini na mbili. Kitu kikaanza kulia kwenye rafu, mlio mwembamba wa kukata masikio.

"Ni nini hicho?" mzee aliuliza, akirudi nyuma.

"Kinasema linatumika," Hamdija alijibu. "Andika."

Simu ikawaka. Kijana akapiga picha moja, mbili, ya tatu ya moto wenyewe kwa karibu. Mzee aliandika akiwa amesimama nje kwenye theluji, faili juu ya kiganja. "Limeonekana. Linawaka. Sahihi hapa." Hamdija akatia sahihi, na alikuwa hajarudisha kalamu Zumreta alipoanza kumwaga majivu juu ya makaa, koleo baada ya koleo, hadi wekundu ukafa.

Kijana alipita mbele ya kiti akitoka. Akasimama, akamtazama yule mzee wa kike aliyekaa katikati ya upepo, machozi ya baridi yakimganda mashavuni.

"Bibi, moto umezimika. Ingia pembeni basi. Upepo huu utakuua."

"Huu angalau nausikia ukija," Nurka alisema.

King'ora kilikuwa bado kinalia. Hakuondoa mguu mlangoni.